Usiwashe moto kwa ajili ya nyigu wa udongo

Na Mwandishi Wetu, Arua

MTU anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini hukutana na mengi kabla ya kukutana na majirani. Kufuli imeshika kutu, bati limetoboka, na ukutani, juu ya mlango na chini ya kenchi, yamejishikiza madonge ya udongo mkavu, mengine makubwa kama ngumi ya mtoto. Akiligonga donge moja kwa mpini wa ufagio linavunjika, na ndani yake wanaanguka buibui wadogo wengi, miguu wameikunja, wala hawakimbii.

Hapo ndipo mashauri huanza. Mmoja atasema nyumba imetegwa. Mwingine atasema hao ni nyigu, na dawa ya nyigu ni moto. Ataleta majani makavu ayafunge kwenye mti mrefu. Wa tatu atakumbuka chupa ya dawa ya shambani iliyobaki stoo, na atataka kuinyunyiza ndani ya chumba ambamo watoto watalala usiku uleule.

Ndugu msomaji, usifanye haraka. Moto chini ya paa la nyasi hauchagui kati ya nyigu na nyumba, na sumu ya shambani haichagui kati ya mdudu na mtoto. Na aliyejenga madonge hayo, kati ya wote wenye mwiba wanaoweza kuwa wamehamia nyumbani kwako, ni miongoni mwa wale wasio na haja kabisa ya kukudhuru.

Watu wa West Nile wanayajua mambo ya kurudi. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, familia nyingi za Arua na Koboko zilikimbilia Sudan na Zaire ya wakati ule, na wengi walirejea katika miaka ya 1980. Miaka iliyofuata walikuja wengine kutoka ng'ambo, Wasudani na Wakongo, nao kila amani inapochungulia huenda kutazama nyumba walizoziacha. Mfanyabiashara wa mpakani naye ana kurudi kwake: anafunga stoo Koboko, anakaa wiki kadhaa Ariwara au Juba, na akirudi anakuta mgeni amejenga kwenye fremu ya mlango.

Mgeni huyo ni nani?

MWASHI ASIYE NA SAIDIA

Ni nyigu mweusi, miguu yake ina mabaka ya njano, na kiuno chake ni kirefu na chembamba kama kijiti cha kiberiti kilichochongwa, nacho ni cha njano. Ukikiona kiuno hicho hutamkosea. Wataalamu wa wadudu humwita Sceliphron spirifex. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika, na amevuka hata hadi nchi za Ulaya zinazopakana na Bahari ya Mediterania. Pale Salia Musala, mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, yeye hupita pande zote tatu na halipi ushuru popote.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba nyigu huyu anaishi peke yake. Hana malkia, hana askari, hana kundi la kuliita likamsaidie. Donge unaloliona ukutani limejengwa na mama mmoja, tangu tope la kwanza hadi la mwisho.

Kama unataka kumwona kazini, kaa kimya karibu na pampu ya maji, pale maji yanapomwagika na kufanya tope. Atatua, atatembea huku na huku akiwa ameinua mkia, kisha atakwangua tope kwa meno na kulifinyanga liwe kitonge kidogo cha duara. Anaruka nacho hadi ukutani. Akifika anakipaka huku mwili wake ukitetemeka, nawe utasikia mlio mwembamba, kama wa mbu aliyenaswa ndani ya kopo. Mtetemo huo ndio unaolainisha tope likashika vizuri. Fundi wa saruji anayegonga zege ili lishikane anafanya jambo lilelile.

Baada ya safari nyingi kinapatikana chumba kimoja chenye umbo la bomba fupi, urefu wake ni kama sentimita tatu. Mlango wake bado uko wazi. Sasa anaacha uashi na kuanza uwindaji.

Anawatafuta buibui wadogo kwenye vichaka, kwenye maua, kwenye nyavu zao na kwenye pembe za nyumba. Akimkamata mmoja anamchoma mwiba mara moja au zaidi, na sumu inamlegeza. Anambeba akiruka, anamsukumia ndani ya chumba, na anarudi kutafuta mwingine. Chumba kimoja kinaweza kuingia buibui sita, kumi, hata kufika ishirini, kutegemea ukubwa wao. Kwa kawaida yai moja tu hutagwa, nalo hubandikwa juu ya mmoja wa buibui wa mwanzo. Chumba kikijaa, mlango unazibwa kwa tope.

Kisha anajenga cha pili ubavuni mwa cha kwanza, na cha tatu, na cha nne. Mwishoni anavipaka vyote tope jingine juu, hata kazi yote nzuri ya ndani inafichika na kinachobaki machoni ni kama udongo uliotupwa ukutani na mtoto mtundu.

Yai linapoanguliwa hutoka buu mweupe asiye na miguu. Anakula akiba aliyowekewa, anajifunga ndani ya kifuko cha rangi ya kahawia, anageuka taratibu, na siku moja anautoboa ukuta kwa meno na kutoka akiwa nyigu kamili. Mama yake hayupo. Hakumwona mwanawe, na mwanawe hatamjua. Hakuna aliyemfundisha kufinyanga tope wala kuchagua buibui, lakini atafanya yote hayo vilevile.

Na yeye mwenyewe, akiwa mkubwa, chakula chake kikuu ni maji matamu ya maua. Buibui anawawinda kwa ajili ya mtoto.

MWALIMU WA UFARANSA NA MKAIDI WA JIKONI

Nyigu huyuhuyu alichunguzwa kusini mwa Ufaransa na mwalimu wa shule aliyeitwa Jean-Henri Fabre, aliyeishi kati ya mwaka 1823 na 1915. Fabre aliona kwamba nyigu huyu hupenda majiko ya wakulima, karibu na meko, palipo na joto, wala haukimbii moshi. Msomaji wa Koboko mwenye jiko la nje hatashangaa.

Fabre alifanya jaribio moja ambalo linafaa kukumbukwa na kila anayedhani nyigu amekusudia ubaya. Nyigu alipokuwa akileta buibui chumbani, Fabre aliwatoa mmoja mmoja pamoja na yai. Nyigu aliendelea kuleta wengine, naye Fabre akaendelea kuwatoa. Mwishowe nyigu akauziba mlango wa chumba kitupu, akaenda zake kana kwamba kila kitu kimo. Mara nyingine Fabre alikibandua kiota kizima kikiwa karibu kumalizika, na nyigu akaendelea kupaka tope kwenye ukuta mtupu, pale pale kiota kilipokuwa.

Mdudu wa namna hiyo hana kinyongo na mtu. Hatua moja ya kazi inamfuata hatua nyingine, na wewe uliyesimama mlangoni haumo katika kazi hiyo. Akizunguka kichwani mwako anatafuta njia ya kupita aende ukutani, basi.

Wala yeye si bwana wa mambo yote. Yupo nyigu mwingine wa kijani na buluu anayeng'aa kama bati jipya, jina lake Stilbum cyanurum, ambaye hungojea chumba kimalizike ndipo atage yai lake ndani. Buu wake ndiye anayefaidi, na mtoto wa mwenye nyumba anakufa. Kwa hiyo ukimwona mdudu mzuri wa kijani akikagua madonge ya ukutani, ujue huyo si fundi. Ni mwizi.

MVUTA MZIGO WA NJIANI

Nyigu wa udongo ana jamaa zake katika kazi ya kuwinda buibui, nao ni wakali zaidi. Ni ukoo mzima unaoitwa Pompilidae, wenye aina zipatazo 5,000 duniani. Hao hawaweki akiba ya buibui wengi. Wao kanuni yao ni buibui mmoja kwa mtoto mmoja.

Barabara kuu ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92, na kutoka humo zinachepuka njia nyingi za vumbi zinazoingia mashambani. Hapo ndipo utawaona. Nyigu wa ukoo huu anakimbia ardhini zaidi ya anavyoruka, anachezesha mabawa bila kutulia, na anachungulia kila ufa. Wengi ni weusi wenye mng'ao wa buluu, na baadhi yao wana mabawa ya rangi ya kutu. Ukiwa na bahati utamkuta amemshika buibui mzito kuliko yeye mwenyewe, anamvuta kinyumenyume kupitia mawe na majani, anamwacha kidogo, anakwenda kukagua shimo, anarudi, anaanza tena. Hamali wa sokoni anayevuta gunia peke yake angemwonea huruma.

Wakubwa kuliko wote katika Afrika ni wale wa jamii ya Hemipepsis. Hawa huwafuata buibui wakubwa wenye manyoya, hata wale wakaao mashimoni, ambao binadamu wengi huwakimbia. Nyigu humtoa buibui maficho yake, wanapambana, naye hutafuta nafasi ya kumchoma upande wa chini karibu na mizizi ya miguu, mahali mishipa ya fahamu inapokutana. Akifaulu, mnyama mkubwa yule analegea. Hajafa. Moyo unapiga, lakini miguu haitii.

Nyigu anamburuta hadi shimoni, anataga yai juu ya tumbo lake, anafukia mlango na kuushindilia udongo kwa ncha ya mkia. Ndani, buu anaanza kula. Anaanza na sehemu ambazo buibui anaweza kukosa akaendelea kuishi, na anaacha moyo na mishipa ya fahamu hadi mwisho.

Mfanyabiashara wa samaki anayepakia mzigo Panyimur kwenda Arua na Kongo anajua hesabu ya siku: bila chumvi, moshi au barafu, mzigo unaharibika njiani. Nyigu hana chumvi wala barafu, na mtoto wake anahitaji nyama ya siku nyingi katika joto la ardhini. Jibu lake ni kuiacha nyama hai. Ni jibu la kutisha, lakini halina hasara.

Lipo jambo jingine ambalo wataalamu wamelithibitisha. Mama huyu huchagua jinsia ya mtoto. Katika jamii ya nyigu na nyuki, yai lililorutubishwa hutoa jike, na lisilorutubishwa hutoa dume. Mama ana uwezo wa kurutubisha au kutorutubisha wakati wa kutaga. Akipata buibui mkubwa, humwekea yai la jike, kwa sababu jike ndiye atakayehitaji nguvu za kuvuta mizigo. Buibui mdogo huachiwa dume, ambaye kazi yake ni kunywa maji ya maua na kutafuta mchumba, na ambaye hana hata mwiba.

Baadhi ya nyigu wa ukoo huu, wale wa jamii ya Auplopus, wana ujanja wa msafirishaji. Humkata buibui miguu ili mzigo upungue na usikwame kwenye majani, kisha hujenga vyumba vidogo vya udongo kama vipipa.

Wala kazi yao haiishii kwenye uwindaji. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti wamegundua mimea kadhaa ya porini ambayo inategemea nyigu wa Hemipepsis kubeba chavua kutoka ua hadi ua. Nyigu wakiondoka, mimea hiyo haina wa kuizalisha.

NANI ANAUMA NA NANI HAUMI

Hapa ndipo penye faida ya moja kwa moja kwa anayefungua nyumba au stoo iliyokaa muda mrefu. Wenye mwiba si wamoja, na kuwachanganya ndiko kunakoleta ajali.

Wa kwanza ni nyuki. Nyumba tupu yenye ufa ukutani au dari lenye nafasi ni mzinga mzuri kwao. Ukisikia mngurumo ndani ya ukuta, au ukiona nyuki wengi wanaingia na kutoka kwenye tundu moja, simama mbali. Nyuki wa Afrika hulinda nyumba yao kwa wingi, na moshi mbaya, kelele au kugongwa kwa ukuta kunaweza kuwatoa wote. Watoto na mbuzi waliofungwa kamba karibu ndio wanaoumia kwanza. Hiyo ni kazi ya mfugaji wa nyuki mwenye vazi lake, na ifanyike jioni.

Wa pili ni nyigu wa kundi. Hawa hawatumii udongo. Kiota chao ni chepesi kama karatasi ya kijivu, kina vyumba vilivyo wazi kwa chini, nacho kinaning'inia kwa kikonyo kimoja chini ya paa au kwenye tawi. Nyigu kadhaa huwa wamekaa juu yake wakitazama. Ukikisogelea wanainua mabawa, na hiyo ndiyo ilani yao. Ukikigusa wanakuja pamoja.

Wa tatu ndiye huyu wetu wa udongo. Hakuna mlinzi kwenye donge lake. Ukilibandua akiwa hayupo, hakuna kitakachotokea. Ukilibandua akiwepo, mara nyingi ataruka tu na kuzunguka. Anaweza kukuchoma ukimshika mkononi, ukimkalia au akinaswa ndani ya nguo, na kwa kawaida maumivu yake si makali.

Wale wakubwa wa njiani ni habari nyingine. Nao hawamfuati mtu, lakini mtoto asiwashike kamwe. Mtaalamu wa Marekani, Justin Schmidt, aliyekuwa akipima maumivu ya wadudu kwa mwili wake mwenyewe, aliwapa ndugu zao wa bara la Amerika, wa jamii ya Pepsis, daraja la nne, ambalo ndilo la juu kabisa katika kipimo chake. Alieleza kwamba maumivu hayo ni kama ya umeme, ingawa hupita baada ya dakika chache. Wenyeji wa huko hawakumchukia mdudu kwa hilo: jimbo la New Mexico lilimfanya kuwa mdudu wake rasmi mwaka 1989.

Kwa yeyote aliyechomwa na mdudu wa aina yoyote, dalili za kuogopa ni hizi: uso au ulimi kuvimba, pumzi kubana, mwili mzima kutoka mabaka, au kizunguzungu. Huyo asisubiri dawa ya kienyeji wala bodaboda ya kesho. Apelekwe hospitali saa ileile.

PALE ANAPOKUWA HATARI KWELI

Baada ya kumtetea, ni haki pia kusema kosa lake. Nyigu wa udongo hawezi kutofautisha ufa wa ukuta na tundu la mashine. Kwake yeye bomba, tundu la kufuli au mdomo wa mpira wa mafuta ni mahali pa kujengea tu.

Tarehe 6 Februari 1996, ndege aina ya Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikielekea Ujerumani. Ilianguka baharini dakika chache baadaye na watu wote 189 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kipimo cha mwendo wa ndege kilikuwa kinatoa hesabu ya uongo, na rubani na wenzake wakachanganyikiwa. Kipimo hicho hutegemea kibomba kidogo kilicho nje ya ndege, ambacho hupokea upepo. Ndege ilikuwa imekaa chini siku nyingi bila vibomba hivyo kufunikwa. Wachunguzi walishuku kwamba nyigu wa udongo wa aina ipatikanayo huko Amerika alikuwa amejenga ndani ya kimoja.

Mdudu hakuwa na nia mbaya, na kifuniko kidogo kingetosha kumzuia.

Wengi wetu hatuna ndege, lakini tuna jenereta, pikipiki, pampu ya maji, mashine ya kusaga na tangi la mafuta. Vyote hivyo vina matundu. Jenereta iliyokaa stoo miezi miwili wakati mwenyewe yuko Juba inaweza kuwa na udongo kwenye bomba la moshi. Mpira wa kunyonyea mafuta ulioachwa wazi unaweza kuzibwa katikati, mahali jicho halifiki. Kufuli inayokataa ufunguo huenda haijaharibika, imejengewa.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, funika kila mdomo wa bomba kwa kitambaa kilichofungwa vizuri, na zungushia kufuli kipande cha mpira. Ukirudi, kagua kwanza, ondoa vitambaa vyote, ndipo uwashe mashine.

SASA UFANYE NINI

Kama donge liko juu ukutani na halikusumbui, liache. Kama unataka kupaka rangi, au wageni wanakuja, chukua kisu kipana au mwiko wa mwashi, ulibandue wakati nyigu hayupo, kisha ufute alama kwa maji. Kazi yote ni ya dakika tano. Hakuna moto, hakuna sumu, hakuna gharama.

Tazama pia kama donge lina matundu ya duara yaliyo wazi. Hayo ni milango waliyotokea watoto. Donge lenye matundu kote ni nyumba iliyohamwa, na kulichoma moto ni kuchoma udongo mtupu.

Dawa za shambani zisitumike ndani ya nyumba au stoo ya chakula. Magunia ya maharage, simsim na unga hunyonya sumu, na anayekuja kuila ni mnunuzi wako au mwanao. Chupa isiyo na maandishi, au yenye maandishi ya lugha usiyoisoma, isifunguliwe kabisa, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ya mbu.

Huenda msomaji akauliza: kama buibui nao hula mbu na nzi, je, nyigu anayewamaliza si adui? Swali ni zuri. Ni kweli buibui wana faida. Kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo arukaye aitwaye Evarcha culicivora. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba huwachagua mbu waliokwisha kunyonya damu kuliko chakula kingine. Lakini nyigu hawamalizi buibui. Kila jike wa buibui hutaga mayai mengi mno, na laiti wote wangeishi tusingepata pa kupita. Nyigu anapunguza, ndege wanapunguza, mijusi inapunguza, na wanaobaki wanatosha kwa kazi ya mbu.

Na nyumba yenyewe ya udongo haipotei bure. Mwenyewe akishaondoka, vyumba vyake huchukuliwa na wengine: nyuki wadogo wa peke yao, nyigu wa aina nyingine, na mara kwa mara buibui. Ndiyo, buibui huingia katika chumba kilekile ambamo wenzake walilazwa, akafuma utando wake mweupe mlangoni na kulea watoto humo.

Mtu wa Arua au Koboko aliyewahi kurudi akakuta wengine wamejisitiri nyumbani mwake, au yeye mwenyewe aliwahi kujisitiri katika nyumba ya mtu, hahitaji kuelezwa zaidi. Weka kiberiti chini. Fagia sakafu, fungua madirisha, kagua ukuta kama hauna nyuki, na umwache fundi wa juu ya mlango amalize kazi yake.